Eksirei, Uyoka na Kwanta: Istilahi za Fizikia ya Kisasa na Msomaji wa Kiswahili wa Ngara

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza maisha ya kitaaluma ya mwanafizikia aliyejishughulisha na upigaji picha kwa eksirei, na hatimaye fizikia ya kwanta. Data zimejikita katika istilahi za msingi za nyanja hizo mbili, na zimepimwa kwa kumfikiria msomaji wa Ngara, mkoani Kagera, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Hoja kuu ni kwamba upungufu wa Kiswahili katika nyanja hizi si uhaba wa maneno, bali ni maneno mengi yasiyogawiwa kazi, pamoja na istilahi zinazoundwa bila kutumiwa.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi umeendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilirejea jambo hilo kwa kukitaja Kiswahili, sambamba na Kiingereza, kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote; hata hivyo fizikia ya sekondari katika shule za serikali imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Katika mjadala huo wote, hoja inayorudiwa sana ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ni nyepesi mno. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limetoa orodha nyingi za istilahi. Linalopaswa kuulizwa ni kama maneno yaliyopo yanaweza kubeba maelezo marefu yenye mfululizo wa sababu na matokeo. Orodha ya istilahi haiwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa istilahi hupimwa ndani ya sentensi, na sentensi hupimwa ndani ya habari kamili.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanachukua habari ya aina moja: maisha ya kitaaluma ya mwanafizikia. Habari ya namna hiyo hulazimisha lugha kutaja vifaa, vitendo, makosa, vipimo na matokeo. Wilaya ya Ngara imeteuliwa kuwa kipimo kwa sababu ya hali yake ya lugha. Nyumbani mtoto wa Ngara huzungumza Kihangaza au Kishubi, lugha ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Shule ya msingi humpa Kiswahili, na sekondari humpa Kiingereza. Istilahi isiyoeleweka kwake haina jirani wa kumfafanulia, tofauti na mtoto wa mjini anayesikia Kiingereza redioni na mitaani.

2.0 Eksirei na Uyoka

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, profesa wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aligundua kwamba bomba la kioo lililopitishiwa umeme lilikuwa likitoa kitu kilichopenya karatasi nyeusi na kuwasha bamba lenye kemikali lililokuwa mbali kidogo. Hakujua ni kitu gani. Akakiita X, kwa kufuata desturi ya wanahisabati ya kuipa herufi hiyo idadi isiyojulikana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobeli ya kwanza ya fizikia. Wajerumani wameendelea kuiita miale hiyo kwa jina lake, ilhali Waingereza walishikilia herufi X.

Kiswahili kilipokea umbo la Kiingereza kwa sauti zake: eksirei. Katika kulipokea, jambo moja lilipotea. Kwa msemaji wa Kiingereza mwenye elimu kidogo ya aljebra, jina hilo lina maana ya “miale isiyojulikana”. Ni ungamo la mgunduzi kwamba hakujua alichokiona. Kwa msemaji wa Kiswahili, eksirei ni neno zima lisilogawanyika, kama lilivyo neno shati au kabati. Hasara hiyo si kubwa kwa mgonjwa. Kwa mwanafunzi wa fizikia ni kubwa kiasi, kwa kuwa inamnyima kujua kwamba sayansi huanza kwa kukiri kutojua.

Kifonolojia, mfuatano wa konsonanti /ks/ ni mgeni katika lugha za Kibantu za Ngara na Biharamulo, ambazo hupendelea silabi wazi. Yumkini msemaji atachomeka irabu na kutamka ekisirei. Matamshi hayo hayana madhara, na yanaonyesha kwamba neno limeanza kumilikiwa.

Kisemantiki, neno eksirei limebebeshwa mzigo mkubwa. Sentensi zifuatazo ni za kawaida katika mazungumzo:

(a) Eksirei hupenya nyama lakini huzuiwa na mfupa.
(b) Eksirei ya hospitali imeharibika.
(c) Eksirei yake inaonyesha mfupa umevunjika.
(d) Mama, peleka mtoto eksirei, kisha urudi kwa daktari.

Katika (a) neno lina maana ya miale. Katika (b) mashine. Katika (c) picha. Katika (d) mahali. Kiingereza nacho kina utata unaofanana na huo, hivyo si haki kuuhesabu kuwa udhaifu wa Kiswahili pekee. Hata hivyo, katika maandishi ya kitaaluma utata huo hauna budi kuondolewa, na njia ya kuuondoa ni rahisi: miale ya eksirei, mashine ya eksirei, picha ya eksirei, chumba cha eksirei. Kiunganishi cha -a unganifu kinatosha.

Neno jingine linalotumika ni uyoka. Watetezi wake hulipenda kwa kuwa lina umbo la Kibantu. Umbo hilo, hata hivyo, lina matatizo mawili. Kwanza, uyoka hukaribiana mno kisauti na uyoga, neno ambalo kila mtoto wa mashambani analijua. Pili, endapo wingi wake utaundwa kwa kufuata ngeli ambayo u- ya umoja hubadilika kuwa n-, umbo litakalopatikana litagongana na nyoka. Sentensi inayosema kwamba mgonjwa amepitishiwa nyoka wengi mwilini haiwezi kukubalika katika kitabu cha kiada. Wingi unaweza kuepukwa kwa kulifanya neno lisihesabike, lakini fizikia ina haja ya kuhesabu miale. Kwa hali hiyo eksirei inastahili kupewa nafasi ya kwanza, si kwa sababu ni ya kigeni, bali kwa sababu imekwisha kuenea na haina mgongano.

3.0 Mionzi, Miale na Mnururisho

Maneno matatu hushindana katika uwanja wa dhana moja pana. Mwale (wingi miale) ni neno la zamani la mstari wa mwanga, kama ule unaopenya tundu la paa la nyasi. Mwonzi (wingi mionzi) limeenea katika lugha ya serikali na ya hospitali: mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kinga dhidi ya mionzi, na majukumu ya udhibiti huo yapo sasa mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003. Mnururisho ni zao la wanaistilahi: kutokana na nuru kimeundwa kitenzi nururisha, kisha nomino mnururisho na kivumishi nururishi. Kimofolojia mfumo huu ni mzuri, kwa kuwa shina moja linazaa familia nzima. Udhaifu wake ni kwamba umma hauutumii.

Hapa pana jambo la hatari, wala si la kinadharia tu. Neno mionzi katika hospitali hutumika kwa mambo mawili yaliyo mbali: uchunguzi, ambapo kiasi kidogo cha eksirei hupitishwa mwilini kwa muda mfupi ili kupata picha, na tiba, ambapo kiasi kikubwa huelekezwa kwenye uvimbe wa saratani ili kuua chembehai zake. Chukuliwe mkulima wa Ngara aliyeumia kifua na kuambiwa katika hospitali ya wilayani kwamba anahitaji “mionzi”. Kama amewahi kusikia kwamba jirani yake alipelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya tiba ya mionzi, ataamini kwamba amegunduliwa kuwa na saratani. Anaweza kurudi nyumbani bila kupigwa picha hiyo.

Kinyume chake, neno picha nalo ni pana kupita kiasi. Mama mjamzito anayeambiwa atapigwa picha hana njia ya kujua kama ni altrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti, au eksirei, ambayo ina nguvu ya kung’oa elektroni katika atomi na kwa hiyo hutumiwa kwa tahadhari kwa wajawazito. Neno moja limeficha tofauti ambayo daktari anaijua na mgonjwa anaihitaji.

Pendekezo la makala haya ni kugawa kazi badala ya kufuta maneno. Mwale ubaki kwa mstari mmoja wa mwanga au eksirei katika michoro ya kijiometri. Mionzi ibaki kuwa jina la jumla, lakini isitumike hospitalini bila kivumishi: picha ya eksirei kwa uchunguzi, tiba ya mionzi kwa saratani. Mnururisho utengewe kitendo chenyewe cha kitu kutoa mionzi. Ugawaji huu hauhitaji kuunda neno hata moja jipya.

4.0 Maisha ya Cormack kama Jaribio la Lugha

Allan Cormack alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1924, akasoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaendelea na utafiti Cambridge, kisha akarudi Cape Town kuwa mhadhiri wa fizikia. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilikosa mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya mionzi, na Cormack akaombwa kushika nafasi hiyo kwa sehemu ya juma. Akiwa hapo aliona kasoro katika upangaji wa tiba: mwili ulichukuliwa kana kwamba una uzito mmoja kote, ilhali mfupa, pafu na msuli hufyonza mionzi kwa viwango tofauti. Akajiuliza kama ingewezekana kupima mionzi nje ya mwili na kutokana na vipimo hivyo kujua kiwango cha ufyonzaji katika kila nukta ya ndani.

Alihamia Marekani na kufundisha Chuo Kikuu cha Tufts kuanzia mwaka 1957. Suluhisho lake la kihisabati alilichapisha mwaka 1963 na 1964, na halikumshughulisha karibu mtu yeyote. Baadaye ilifahamika kwamba mwanahisabati Johann Radon alikuwa amekwisha kulitatua tatizo la aina hiyo mwaka 1917. Nchini Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield, bila kuijua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mwezi Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1979, na Cormack aliipata bila kuwa na shahada ya uzamivu.

Aya hizo mbili zimeandikwa kwa Kiswahili bila neno la Kiingereza isipokuwa majina ya watu na ya mahali. Uchambuzi wa maneno yaliyozibeba unaonyesha jambo muhimu. Mzigo wa maana umebebwa zaidi na vitenzi, kama vile kufyonza, kupima, kutatua na kutengeneza. Vitenzi hivi ni vya kila siku, na kila kimoja hunyambulika kwa urahisi: fyonza, fyonzwa, fyonzeka, ufyonzaji, kifyonzi. Mijadala ya istilahi imezoea kuhesabu nomino na kuziona ni chache. Laiti ingehesabu vitenzi, hukumu ingekuwa nyingine.

Hali kadhalika, maelezo ya kanuni yanaweza kujengwa kwa mazingira ya msomaji. Anayesimama kando ya shamba la migomba na kutazama upande mmoja tu huona mashina yakifichana. Hawezi kusema mgomba upi uko mbele na upi uko nyuma. Akilizunguka shamba zima na kuandika anachokiona katika kila pembe, ataweza kuchora ramani ya kila shina bila kuingia ndani. Picha ya kawaida ya eksirei ni mtazamo wa upande mmoja. Mashine iliyotokana na hisabati ya Cormack na uhandisi wa Hounsfield ni kulizunguka shamba. Mashine hiyo huitwa sitiskani kwa kufuata ufupisho wa Kiingereza. Istilahi picha za tabaka ingeeleza kazi yake vizuri zaidi, kwa kuwa huonyesha mwili tabaka baada ya tabaka.

5.0 Kwanta na Kibaba

Mwezi Desemba 1900 Max Planck alieleza mjini Berlin kwamba hesabu za mwanga utokao katika vitu vya moto hukubali endapo tu nishati itachukuliwa kuwa inatolewa kwa mafungu, si kwa mfululizo. Mwaka 1905 Albert Einstein alidai kwamba mwanga wenyewe huenda kwa mafungu. Ushahidi uliowashawishi wengi ulitokana na eksirei: mwaka 1923 Arthur Compton alionyesha kwamba eksirei inapogonga elektroni hupoteza nishati kama kitu kigumu kinachogonga kingine. Kwa hiyo eksirei na kwanta si masomo mawili yaliyokutanishwa kwa bahati. Moja lilikuwa shahidi wa jingine.

Neno la Kilatini lililozaa istilahi hii lina maana ya “kiasi gani”. Katika Kiswahili yamejitokeza maumbo mawili, kwanta na kwantamu. La kwanza linafaa zaidi: ni fupi, huishia na irabu inayotokana na neno lenyewe, na mfuatano wake wa sauti haumsumbui msemaji wa Kiswahili.

Je, Kiswahili hakina neno lake chenyewe la kuelezea wazo hili? Kipo kipimo cha kibaba, na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba inajulikana hata Ngara. Mwalimu anaweza kusema kwamba nishati hugawiwa kwa vibaba. Mfano huo husaidia hatua ya kwanza, lakini unapotosha hatua ya pili: nafaka ya kibaba inaweza kugawanywa nusu na robo, ilhali kwanta ya mwanga wa rangi fulani haigawanyiki. Mfano wa sarafu ni sahihi zaidi. Shilingi mia haikatwi vipande viwili vya hamsini. Inabadilishwa nzima au haibadilishwi. Yafaa basi kibaba na sarafu vitumike darasani kama mifano, na kwanta ibaki kuwa istilahi. Mfano usipandishwe cheo kuwa jina.

Teknolojia ya kwanta ya leo imeleta dhana ngumu zaidi. Chembe moja inaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja hadi ipimwe. Chembe mbili zinaweza kufungamana kiasi kwamba kipimo cha moja kinahusiana na cha nyingine hata zikiwa mbali. Katika sentensi hizi pia vitenzi vimetosha. Kutokana na kufungamana hupatikana mfungamano, nomino inayoweza kusimama kama istilahi bila kukopa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. UNESCO ilikuwa imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani tangu mwaka 2021. Maadhimisho hayo mawili yanapaswa kukutana katika kitabu cha kiada.

6.0 Athari ya Mpemba

Afrika ya Mashariki imechangia jina moja katika fizikia ya dunia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili asikose nafasi, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne hakucheka, alipima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Tokeo lenyewe limebishaniwa: mwaka 2016 Burridge na Linden walitilia shaka kama vipimo vya maji vinalithibitisha. Lakini wazo kwamba kilicho mbali zaidi na utulivu kinaweza kuufikia mapema limehamia katika kwanta, na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha jaribio la ioni zilizonaswa lililoonyesha tabia ya aina hiyo.

Kiisimu, jina athari ya Mpemba lina mtego ambao mgeni hauoni. Kwa msomaji wa Kiswahili, Mpemba ni kwanza mtu wa Pemba, na athari mara nyingi huashiria madhara. Anayekutana na istilahi hiyo bila maelezo anaweza kudhani inahusu madhara yaliyoletwa na mtu wa kisiwa hicho. Umbo tokeo la Erasto Mpemba, angalau linapotajwa mara ya kwanza, huondoa utata wote wawili.

Kisa hicho kina fundisho jingine. Mpemba alisoma fizikia kwa Kiingereza, lakini alichokiona alikiona kwa macho. Mwanafunzi anayelazimika kuuliza swali gumu katika lugha ya tatu hubeba hatari mbili: ya kukosea fizikia na ya kukosea sarufi. Wengi hunyamaza kwa kuogopa ya pili. Haijulikani ni maswali mangapi yamefia hapo, kwa kuwa swali lisiloulizwa haliachi kumbukumbu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba habari ya mwanafizikia wa eksirei na kwanta inaweza kuelezwa kwa Kiswahili fasaha. Mambo matatu yamedhihirika. Kwanza, pale penye maneno mengi kwa dhana moja, kazi ya wanaistilahi ni kugawa majukumu. Pili, vitenzi vya kawaida na unyambuaji wake ni hazina iliyopuuzwa na orodha za nomino. Tatu, istilahi haina budi kupimwa kwa msemaji wa lugha ya pili, kwa kuwa ndiye msomaji wa Kiswahili aliye wengi Tanzania.

Yapendekezwa idara za Kiswahili na za fizikia katika vyuo vikuu zishirikiane kuandika wasifu mfupi wa wanasayansi kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na maandishi hayo yajaribiwe katika wilaya kama Ngara na Biharamulo kabla ya kuchapishwa. Hospitali nazo zishirikishwe katika kusanifisha maneno picha na mionzi. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na uundaji wa kamusi mpya, na faida yake itaanza kuonekana pale ambapo mgonjwa atajua anachopelekwa kupimwa, na mwanafunzi atauliza asichokielewa.